Tuliwekee Land Rover Injini ya Hiace?

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya Series III, pikapu, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, na injini yake ya petroli ya lita mbili na robo bado inawaka. Mwenye gari ni mama anayenunua mpunga na ufuta bonde la Kamsamba, wilayani Momba, mkoani Songwe, kisha anaupandisha hadi Mlowo na Tunduma. Fedha alizotenga msimu huu zinatosha jambo moja kubwa au mambo manne madogo. Yote kwa pamoja haziwezi.

Nimewakalisha gereji moja ya Tunduma watu wanne: Mama mwenye gari, Fundi wake wa siku nyingi, Binti aliyesomea ufundi magari VETA, na Mzee, dereva mstaafu wa malori ya Zambia. Majina sikuwapa kwa kuwa nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Kila aliyewahi kukalia tairi bovu gereji akisubiri gari lake amezisikia.

MAMA: Mimi hesabu zangu ni za lita, si za shilingi. Shilingi EWURA wanazibadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Lita ni lita. Gari hili likiwa na mzigo linakunywa lita 18 kila kilomita 100. Wenye dizeli wananiambia wao ni 11. Nikitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, lita 70 nimezimwaga njiani. Fundi, nipe sababu moja ya kutobadilisha injini.

FUNDI: Mama, hiyo 11 umeambiwa na nani? Dereva wa Hiace, anayekimbia kwenye lami ya Mbeya. Ichukue injini hiyo hiyo uitie kwenye Land Rover, gari lenye umbo la kabati, gia fupi, tairi za 7.50-16 na magunia nyuma, halafu literemshe Kamsamba. Ukipata 13 shukuru. Mimi ningeandika 14.

MAMA: Haya, 14. Nimeokoa lita 40 kwa mwezi. Na kuibadilisha injini ni lita ngapi?

FUNDI: Injini mtumba kutoka Dar, usafiri wake, pleti ya kuiunganisha na gia boksi, kazi ya kukereza, vishikizo vipya, rejeta kubwa zaidi, na mikono yangu. Weka lita 2,500. Hapo sijakuibia.

MAMA: Miezi sitini na kitu. Miaka mitano!

BINTI: Shikamoo Mama. Samahani nikuingilie. Hesabu yenu ina mafuta peke yake. Siku ambazo gari limelala hamjaziandika. Distributa ikiingia maji pale mtoni, gari limezimika, unakaa unakausha waya na plagi huku wenzako wanapakia. Dizeli haina plagi za cheche wala distributa. Tena mimi sisemi injini yoyote. Nasema 3L ya Toyota, ile ya lita mbili nukta nane iliyojaa kwenye Hiace na Hilux. Nozeli zake, gasketi zake, pistoni zake, unazipata Mwanjelwa asubuhi, na mchana ziko Tunduma. Za hii ya Fundi unazipata wapi?

FUNDI: Johannesburg. Dereva wa lori anaibeba kwenye kabini, anashuka Nakonde, anavuka nayo mkononi.

BINTI: Lini?

FUNDI: Akirudi.

Hapo Binti kashinda raundi, na Fundi anajua. Nchi yetu iliagiza Hiace nyingi mno kiasi kwamba injini yake imekuwa kama sarafu, unaipokea popote bila kuuliza imetoka wapi. Anayeishi kwa gari la kazi hana budi kuliheshimu jambo hilo kuliko uzuri wowote wa kiwandani. Lakini Fundi hajamaliza, na sehemu inayofuata ya hoja yake ndiyo ambayo mafundi wengi wa kubadilisha injini huiruka.

FUNDI: Mwanangu, hii ya petroli nguvu yake ya kuvuta iko chini, kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Ukiwa kwenye tope jeusi la bonde huhitaji kukimbia, unahitaji kutambaa. 3L inataka uipandishe hadi 2,400 ndipo ivute vizuri. Ukiipandisha, tairi zinateleza. Zikiteleza, umejichimbia kaburi. Pili, hiyo pleti. Ikipishana na shafti ya gia boksi hata unene wa karatasi, gari litatembea, sikatai. Litatembea mwezi, halafu beringi ya mbele ya gia boksi inaanza kuimba. Hapo Mama anaambiwa gia boksi za Land Rover ni mbovu.

BINTI: Basi unahamisha na gia boksi ya Toyota yenyewe.

FUNDI: Na difu? Difu za Land Rover haziko katikati, zimekaa kulia, mbele na nyuma. Ukileta gia boksi ya Toyota inakuja na mgawanyo wake wa fowili. Propela zitakaa pembe gani? Utakata, utachomelea, utabalansi wapi? Umeanza na injini, umemaliza kwa kutengeneza gari jipya ambalo halina kitabu.

BINTI: Mashine za kukereza zipo hapa hapa mjini. Wanakereza vipuri vya malori ya tani thelathini, washindwe pleti ya pikapu?

FUNDI: Hawashindwi. Wanaopima ndio wachache.

Mzee alikuwa kimya muda wote huu, akiangalia chini ya gari badala ya kuwaangalia wabishi.

MZEE: Mmebishana kwenda. Mimi nataka kusikia habari za kusimama.

MAMA: Breki zipo, Mzee. Mimi mwenyewe nazikanyaga.

MZEE: Zipo za petroli, Mama. Ukitia dizeli, nani atakusukumia breki?

Swali linaonekana la ajabu, lakini ndilo bora kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na nitalifafanua. Injini ya petroli hunyonya hewa kupitia kabureta. Dereva akiachia mafuta, kibamba cha hewa hufunga, na ndani ya manifodi hubaki ombwe. Ombwe hilo ndilo linalovuta kiwambo cha busta na kuufanya mguu wa mwanadamu utoshe kulisimamisha gari lenye shehena. Dizeli ya aina hii haina kibamba cha namna hiyo, kwa hiyo haina ombwe la bure. Toyota walilimaliza tatizo kwa kupachika pampu ndogo ya ombwe nyuma ya alternata. Sasa chukua injini mtumba iliyofika bila alternata yake, mtu akaifungia alternata yoyote iliyokuwa rafuni. Gari litawaka, taa zitamulika, betri itachaji, watu watapiga makofi. Kisha linapakiwa.

Uwanda wa Mbozi, uliko Mlowo, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa, kule chini bondeni, liko kwenye mita 800 hivi. Tofauti hiyo huteremkwa kwa magurudumu. Busta isipopata ombwe pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na breki za 109 ni za ngoma pande zote nne, zenye desturi ya kulegea zikichemka na kuvuta upande mmoja zikilowa. Anayefikiria kuongeza nguvu ya injini kabla ya kufikiria mteremko huo huwa anaifikiria safari ya kupanda peke yake.

MZEE: Walionifundisha mimi kazi walipita hapa Tunduma na mapipa ya petroli, Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965 na Zambia ikafungiwa njia ya kusini. Barabara ilikuwa vumbi na tope mpaka Dar, Wazungu wakaibatiza njia ya Jehanamu. Hawakuwa na gereji. Gari likiharibika unatengeneza ulipo, kwa ulichonacho. Na neno walilonipa ni kwamba gari lisilowaka litakulaza njaa. Lisilosimama litakulaza kabisa. Mama, mwambie akuoneshe tairi la mbele kushoto likiwa limenyanyuliwa.

Fundi akapiga jeki. Mzee akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Lilicheza.

MZEE: Beringi, au pini za mpira wa knako. Huu mpira wa chuma umeliwa, ona oili inavyotoka. Oili ikitoka, tope linaingia. Na usukani?

FUNDI: Una uzito kidogo.

BINTI: Rilei. Ile iliyofichwa ndani ya chuma cha mbele cha chesisi. Ikikauka oili inashika. Watu wanadhani tairi hazina upepo.

Nafurahi aliyelitaja hilo ni Binti, kwa sababu kuna dhana kwamba wanaotoka vyuoni wanajua kompyuta ya kupimia na basi. Rilei ya usukani wa Series haina kompyuta. Land Rover yenye dizeli ya Td5, iliyokuja mwaka 1998, ndiyo inayohitaji kusomwa kwa kifaa, na hiyo ni mada ya gereji nyingine.

Wakati wanazungumza alipita kijana wa jirani, mwenye duka la rimu na taa. Naye alitoa maoni ingawa hakuombwa.

KIJANA: Mama, gari kama hili ni la kuonewa wivu. Nyanyua springi, weka tairi za inchi 33, mkonga wa hewa pembeni, winchi mbele. Hukuona Arusha Oktoba 2024, yale maonesho ya Land Rover? Watu waliyapeleka magari yanang'aa kuvunja rekodi ya Wajerumani.

MAMA: Rekodi yangu ni gunia.

KIJANA: Mkonga basi. Maji hayataingia.

BINTI: Mkonga huu wa bati lililokunjwa? Maungio yake yanavuja. Maji yataingia kwa chini huku wewe unaangalia juu. Afadhali usiwe nao, utaogopa mto.

Sitamrudia Kijana, ila nimtendee haki: mkonga uliozibwa sawasawa ni kitu cha maana hata pasipo mto, maana gari linalofuata lori kwenye vumbi la Agosti huvuta hewa safi kidogo kutoka juu, na kisafisha hewa kikaishi zaidi. Tairi kubwa ndizo zisizo na utetezi kwa mwenye bajeti. Zinabadilisha uwiano wa gia, zinaipa breki kazi ya ziada, zinavunja shafti, na zinahitaji springi zilizoinuliwa, nazo springi zilizoinuliwa zinapindisha pembe ya propela na kudai mipira mirefu zaidi ya breki. Umenunua tairi, umejikuta unalipia gari zima.

Kuhusu mabadiliko ya namna hiyo, Fundi alikuwa na jambo la kujivunia, na hapo ndipo mjadala ulipogeuka.

FUNDI: Mimi Land Rover hii nailinda ibaki kama ilivyotoka Solihull. Ndiyo maana iko hai. Walioanza kuchanganya, magari yao yako wapi?

BINTI: Nifungue boneti?

Alifungua. Kabureta haikuwa Zenith ya kiwandani. Ilitoka kwenye Toyota ndogo ya petroli, ikakalishwa juu ya kipande cha aluminiamu kilichokatwa kwa tupa. Alternata nayo ilikuwa ya Toyota. Akainama nyuma. Kwenye springi za nyuma kulikuwa na majani mawili manene kuliko wenzake.

BINTI: Haya ya Canter. Na kwa kuwa ni magumu hayapindi, mshtuko wote unakwenda kwenye chesisi. Ona kishikio kilivyopasuka. Ona na kiraka kilivyowekwa, kimechomelewa wima, kutoka juu hadi chini. Chuma kitakatika hapo hapo pembeni mwa weldi.

FUNDI: Hiyo ilikuwa dharura. Ufuta ulikuwa unanyeshewa.

MAMA: Ni kweli, ulikuwa unanyeshewa.

Kosa la kiraka cha wima linastahili maelezo, kwa sababu linafanywa kila siku kwenye mji ambao mafundi wake wa kuchomelea wana mikono mizuri kuliko wengi nchini. Joto la weldi huufanya ukanda mwembamba wa chuma kando ya mshono kuwa dhaifu. Mshono ukikata chesisi wima, udhaifu wote unakaa kwenye mstari mmoja, na mzigo unaukunja mstari huo huo kila bonde. Kiraka chenye pembe zilizochongoka mbele na nyuma, mithili ya almasi, huusambaza mvutano. Bei ni ile ile, elektrodi ni zile zile. Na bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haioti kutu kama bati, kwa hiyo humdanganya mwenyewe: anaiona inang'aa juu huku chesisi ya chuma, ambayo ni boksi tupu ndani, inaliwa na tope lililoganda humo tangu masika. Kumwaga maji ndani ya chesisi kila gari linapotoka bondeni, na kuzibua vitundu vyake vya chini, ni matengenezo ya bure kabisa. Sijui kwa nini hayana heshima.

Sasa nirudi kwenye boneti iliyofunguliwa. Mimi naona pale ndipo swali la kichwa cha makala haya lilipobadilika. Tulikuwa tunabishana kama gari libaki la asili au lichanganywe, kumbe lilishachanganywa zamani, na aliyelichanganya ndiye mtetezi wa asili. Simcheki. Gari lililofanya kazi miaka arobaini na kitu Songwe, likapita mikono ya idara, ya misheni, ya chama cha ushirika au ya mfanyabiashara, halina namna ya kubaki lilivyotoka kiwandani. Ubaya wa mchanganyiko huu ni kwamba umekaa kichwani mwa mtu mmoja. Gari likizimika Kamsamba, fundi wa kule ataagiza vifaa vya kabureta ya Land Rover, kwa kuwa anachokiona ni Land Rover. Vitafika, havitaingia. Siku mbili zimekwisha. Atampigia simu Fundi wa Tunduma, na Fundi yuko msibani.

Kwa hiyo kipimo changu cha kila badiliko kwenye gari kuukuu ni fundi wa pili, yule ambaye hajawahi kuliona. Je, akilifungua ataelewa? Injini ya 3L yenye alternata yake na pampu yake ya ombwe, iliyofungwa kwa pleti iliyopimwa, ikaandikwa, inasomeka kuliko injini ya asili yenye kabureta isiyo na jina. Lakini 3L iliyofungwa kwa vipande vya kuokoteza haina tofauti na kumwoa Fundi: hutamwacha tena, naye anajua.

MZEE: Na serikali nayo ni fundi wa pili. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini bila kwenda TRA wakabadilisha kumbukumbu, siku utakapotaka kuvuka Nakonde, afisa anasoma kadi, anafungua boneti, namba hazifanani. Utamweleza nini, kwamba uliinunua kihalali? Risiti iko wapi? Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, imelikuta gari hili halijazaliwa.

MAMA: Injini ya kununua kwa mtu bila risiti ni rahisi sana lakini.

MZEE: Ndiyo maana ni rahisi.

BINTI: Mama, mimi bado nasema 3L. Ila nasema mwakani. Sasa hivi beringi za mbele, mipira ya knako, silinda za breki zote nne na mabomba yake, rilei ya usukani, na kile kiraka kikatwe kirudiwe. Toa majani ya Canter, rudisha ya kwake, upunguze gunia chache. Hayo ukiyafanya leo hayapotei hata ukibadilisha injini.

MAMA: Gunia chache kiasi gani?

BINTI: Matano.

MAMA: Matatu.

FUNDI: Mimi nakubali, ila kabureta isiguswe. Inafanya kazi.

BINTI: Isiguswe, iandikwe. Imetoka kwenye Toyota gani, ya mwaka gani, jeti yake namba ngapi. Daftari likae kwenye dashibodi.

FUNDI: Mimi mambo ya kuandika andika... Kitu kiko hapa kichwani miaka yote.

MAMA: Fundi, daftari nimenunua mimi, kalamu hii hapa. Ukimaliza kabureta uandike na ile silinda ya klachi.

FUNDI: Ya klachi ni ya kwake, Mama.

BINTI: Imeandikwa Isuzu.

MAMA: Andika Isuzu. Halafu uniandikie na bei uliyoniuzia, maana mimi nililipia ya Johannesburg.